Kanisa Kuu la Sirakusa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Historia na Usanifu Wake

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamekwisha kukutana na jina la Sirakusa katika Matendo ya Mitume 28:12, pale Mtume Paulo, akipelekwa Roma akiwa mfungwa baada ya kuvunjikiwa na merikebu huko Malta, anapokaa siku tatu katika mji huo. Maswali yaliyojibiwa hapa yanahusu kanisa kuu la mji huohuo, ambalo kwa nje ni mojawapo ya kazi maarufu za Baroko, mtindo wa usanifu wa karne ya 17 na 18, katika kisiwa cha Sisilia, na kwa ndani ni jambo jingine kabisa.

Kanisa hili liko wapi, na limewekwa chini ya jina la nani?

Kanisa liko Ortigia, kisiwa kidogo ambacho ndicho kiini cha mji wa Sirakusa, katika pwani ya mashariki ya Sisilia, nchini Italia. Ortigia imeunganishwa na bara kwa madaraja mafupi, na mtu anaweza kuizunguka yote kwa miguu asubuhi moja. Kanisa limesimama katika sehemu ya juu zaidi ya kisiwa, likiutazama uwanja mrefu uliotandazwa mawe meupe. Limewekwa wakfu kwa heshima ya Kuzaliwa kwa Bikira Maria, na ndilo makao ya Askofu Mkuu wa Sirakusa.

Kwa nini linahesabiwa kuwa kanisa la Baroko ilhali lina nguzo za Kigiriki?

Swali hili ndilo linalowasumbua wageni wengi, na lina haki ya kusumbua. Anayesimama uwanjani huona uso wa mbele wa karne ya 18, wenye nguzo zilizochomoza, sanamu, kingo zilizokatwa na vivuli vizito, na moyoni anaamua kwamba amekwisha kuelewa anachokitazama. Akipita mlangoni hujikuta mbele ya nguzo nene za Doriki, mtindo wa kale wa Kigiriki, zilizosimama hapo tangu karne ya 5 kabla ya Kristo. Jengo ni moja. Hekalu la Athena, mungu wa kike wa Wagiriki, halikubomolewa ili kanisa lijengwe mahali pake, bali lenyewe ndilo lililogeuzwa kanisa, na kila kizazi kilichofuata kikaongeza au kupunguza kitu bila kuuvunja mwili wa awali. Baroko ni tabaka la nje na la karibuni zaidi, nalo ndilo linalowakabili watu wanaotoka uwanjani, ndiyo maana likatoa jina.

Naona si sahihi kusema, kama wengine wanavyosema, kwamba uso huo wa Baroko ni kinyago kinachoficha hekalu la kweli. Uso huo ni wa kweli kama nguzo zilivyo za kweli. Ulijengwa kwa sababu ule uliotangulia ulikuwa umeanguka.

Nani alijenga hekalu la awali, na lilikuwa la namna gani?

Hekalu lilijengwa katika utawala wa Gelon, mtawala wa Sirakusa, baada ya ushindi wake dhidi ya jeshi la Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, huko Himera, kaskazini mwa kisiwa, mwaka 480 kabla ya Kristo. Mwanahistoria Herodoto anaeleza kwamba watu wa Sisilia walisimulia kuwa vita hivyo vilipiganwa siku ileile Wagiriki walipowashinda Waajemi baharini huko Salamis. Pengine ilikuwa hivyo, pengine ni watu waliopenda ushindi wao ulingane na wa ndugu zao. Jambo lisilo na shaka ni kwamba fedha na mateka vilikuwapo vya kutosha kujenga kwa mawe na kwa ukubwa.

Jukwaa la hekalu lilikuwa na upana wa karibu mita 22 na urefu wa karibu mita 55. Nguzo zililizunguka pande zote, sita katika kila upande mfupi na kumi na nne katika kila upande mrefu, zile za pembeni zikihesabiwa mara mbili. Kila nguzo ina kimo cha zaidi kidogo ya mita 8.5, na kitako chake kina kipenyo cha karibu mita 2, uwiano unaozifanya zionekane nzito, zenye mabega, tofauti na nguzo nyembamba za nyakati za baadaye. Zilichongwa kwa jiwe la chokaa la eneo hilo, ilhali vigae vya paa vilitengenezwa kwa marumaru iliyosafirishwa kutoka visiwa vya Ugiriki. Uchimbaji uliofanywa na mwanaakiolojia Paolo Orsi mwanzoni mwa karne ya 20 ulionyesha kwamba hata hekalu hili halikuwa la kwanza: chini yake na kandokando yake kulikuwa na mabaki ya madhabahu na majengo ya ibada ya zamani zaidi.

Tunajuaje jinsi hekalu lilivyopambwa, ikiwa mapambo hayapo tena?

Tunajua kwa sababu ya mwizi. Gaius Verres, gavana wa Kirumi wa Sisilia kuanzia mwaka 73 hadi 71 kabla ya Kristo, alipora mali za kisiwa kwa kiasi kilichowafanya wenyeji wamfuate Cicero, mwanasheria wa Kirumi, awatetee mahakamani. Katika hotuba alizoziandaa mwaka 70 kabla ya Kristo, Cicero anataja kimoja baada ya kingine vitu vilivyoondolewa katika hekalu hili: michoro iliyofunika kuta za ndani na kuonyesha vita vya wapanda farasi vya mfalme Agathocles, picha 27 za wafalme na watawala wa Sisilia, na milango ya pembe za ndovu na dhahabu ambayo Verres aliibandua mapambo yake. Cicero anakumbusha kwa uchungu kwamba hata jenerali Marcellus, aliyeuteka mji kwa nguvu mwaka 212 kabla ya Kristo, hakuligusa hekalu hilo.

Mwandishi mwingine wa kale, Athenaeus, amehifadhi habari ya ngao iliyopakwa dhahabu juu ya hekalu. Mabaharia waliokuwa wakitoka bandarini walibeba kikombe kutoka madhabahuni, wakaendelea kuitazama ngao hadi ilipopotea machoni, ndipo wakakitupa kikombe baharini. Kwa hiyo jengo hili lilikuwa alama ya mabaharia karne nyingi kabla ya kuwa na msalaba.

Hekalu liligeuzwaje kuwa kanisa?

Ili kulielewa jibu hili, ni lazima kwanza kuelewa kwamba hekalu la Kigiriki halikukusudiwa kuingiza umati. Katikati yake palikuwa na chumba kirefu chenye kuta nzima, nyumba ya sanamu ya mungu, na nje ya chumba hicho ndipo zilipopangwa nguzo, kukiwa na ujia uliofunikwa kati ya ukuta na nguzo. Waumini walikusanyika nje, kwenye madhabahu iliyokuwa mbele ya mlango, na huko ndiko sadaka zilikotolewa. Ibada ya Kikristo inahitaji kinyume chake: watu waingie ndani, wamwone kasisi, wasikie neno, wakaribie meza.

Waashi walilitatua tatizo hilo kwa njia ambayo, kila ninapoifikiria, naiona kuwa na akili kuliko urembo wowote uliofuata. Nafasi zilizokuwa wazi kati ya nguzo za nje zilizibwa kwa mawe, zikawa kuta za nje za kanisa. Kuta nzima za kile chumba cha katikati zilitobolewa matao, manane kila upande, na vipande vya ukuta vilivyobaki kati ya tao na tao vikageuka kuwa mihimili. Chumba cha sanamu kikawa ukumbi wa kati wa kanisa. Ujia uliokuwa nje ukawa mabaraza mawili ya pembeni. Kilichokuwa kimefungwa kilifunguliwa, na kilichokuwa wazi kilifungwa, na kwa kazi hiyo, ya wanaume wenye nyundo na chokaa, jengo lililotazama nje likageuka kuwa jengo linalotazama ndani.

Mwelekeo nao ulibadilishwa. Mlango mkuu wa hekalu ulikuwa mashariki, ili mapambazuko yaingie hadi kwenye sanamu. Kanisa lilitaka altare iwe upande wa mashariki, kwa hiyo mlango ukahamishiwa magharibi, mahali palipokuwa mgongo wa hekalu. Nguzo mbili kubwa ambazo mgeni wa leo huzikuta mara tu aingiapo ni zile zilizosimama katika kibaraza cha nyuma cha hekalu.

Kazi hii huhusishwa na askofu Zosimo, katika karne ya 7, wakati Sisilia ilipokuwa chini ya Dola ya Kirumi ya Mashariki yenye makao Konstantinopoli. Karne hiyo Sirakusa ilikuwa mji wenye uzito wa pekee: Kaisari Konstans wa Pili alihamishia makao yake huko mwaka 663, akaishi hapo hadi alipouawa akiwa katika nyumba ya kuogea mwaka 668. Ukuta uliopinda nusu duara unaoonekana mwisho wa baraza la kaskazini ni salio la kanisa la zama hizo.

Je, ni kweli kwamba liliwahi kuwa msikiti?

Mapokeo ya mji yanasema hivyo, na mazingira ya historia yanayakubali. Majeshi ya Waaghlabi, waliotawala eneo ambalo leo ni Tunisia, yaliuzingira mji kwa miezi tisa na kuuteka mnamo tarehe 21 Mei mwaka 878. Mtawa aitwaye Theodosio, aliyekuwa ndani ya mji na akachukuliwa mateka, ameacha barua inayoeleza njaa ya kuzingirwa na namna mji ulivyoanguka. Kwa zaidi ya miaka mia mbili baada ya hapo Sirakusa ilikuwa mji wa Kiislamu, ingawa cheo cha mji mkuu wa kisiwa kilikwenda Palermo, na jengo kubwa kuliko yote katikati ya Ortigia lisingeachwa bila matumizi.

Msomaji atakayetafuta mihrabu au maandishi ya Kiarabu ukutani hatayaona. Ila jengo lenyewe ni ushahidi wa aina yake: nguzo zilibaki, kuta zilibaki, na waliokuja baadaye walilikuta likiwa limesimama.

Wanormani walibadilisha nini?

Wanormani, watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, waliuchukua mji katika miaka ya 1080, chini ya Count Roger wa Kwanza, na ibada ya Kikristo ikarudi, safari hii kwa taratibu za Kilatini badala ya za Kigiriki. Walipandisha juu kuta za ukumbi wa kati na kuzitoboa madirisha, wakaupa mwanga ambao haukuwapo. Ukuta wa kaskazini juu yake una meno kama ya ngome, na meno hayo ni ukumbusho kwamba kanisa la mji wa bandari katika zama hizo lilipaswa pia kuwa mahali pa kujihami. Paa la mbao linaloonekana leo ni la karne ya 16.

Tetemeko la mwaka 1693 lilifanya nini?

Tarehe 11 Januari 1693, siku mbili baada ya mtikisiko wa kwanza ulioonya, tetemeko kubwa lilipiga kusini mashariki mwa Sisilia. Watu wanaokadiriwa kufikia 60,000 walikufa. Catania ilipoteza karibu theluthi mbili ya wakazi wake. Noto ya kale iliharibiwa kiasi kwamba wakazi waliiacha na kujenga mji mpya kilomita kadhaa mbali nayo. Sirakusa iliumia kwa kiasi kidogo kuliko hiyo, lakini uso wa mbele wa kanisa kuu, pamoja na mnara wa kengele, vilianguka. Mnara huo ulikuwa umekwisha kuathiriwa na tetemeko jingine mwaka 1542.

Nguzo za Gelon hazikuanguka. Anayezitazama kwa makini, hasa zile za upande wa kaskazini, ataona kwamba baadhi zimeinama na vipande vyake vimesogea kutoka mahali vilipowekwa, na kwa kawaida jambo hilo huelezwa kuwa ni kazi ya matetemeko. Hata hivyo zimeendelea kubeba. Nguzo ya Doriki imepangwa kwa vipande vizito vinavyokaliana kwa uzito wake wenyewe, na kuta zilizojazwa kati ya nguzo hizo katika karne ya 7 zilizishikilia kila upande, jambo ambalo waashi wa wakati huo pengine hawakulikusudia.

Nani alisanifu uso wa mbele wa sasa?

Msanifu ni Andrea Palma, mzaliwa wa Trapani aliyefanyia sehemu kubwa ya kazi zake Palermo. Ujenzi ulianza katika miaka ya 1720 na kukamilika mwaka 1753. Palma alifariki mwaka 1730, kwa hiyo hakuuona ukiwa umekamilika. Sanamu ni za mchongaji Ignazio Marabitti wa Palermo, ambaye alizaliwa mwaka 1719, yaani alikuwa bado mtoto wakati michoro ya Palma ilipoanza kutekelezwa.

Uso huo usomwe vipi na mtu asiye mtaalamu wa usanifu?

Uanze kutazamwa kuanzia chini. Pande mbili za ngazi zimesimama sanamu za Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo. Petro anawekwa hapo kwa sababu mapokeo yanasema ndiye aliyemtuma Marsiano, askofu wa kwanza wa Sirakusa, kutoka Antiokia. Paulo kwa sababu ya zile siku tatu zilizotajwa katika Matendo ya Mitume. Juu zaidi, Bikira Maria amewekwa katikati, na pembeni yake wako Marsiano mwenyewe na Mtakatifu Lusia, shahidi wa mji. Hivyo watu wote waliochongwa hapo wana uhusiano na mahali hapo, na mtu wa Sirakusa wa karne ya 18, hata asiyejua kusoma, aliweza kuwataja mmoja mmoja.

Kisha zitazamwe nguzo. Ni za mtindo wa Korintho, zenye vichwa vya majani, zimepangwa kwa ghorofa mbili, na hazikubandikwa ukutani: zimesimama mbele ya ukuta kwa umbali wa kutosha kuacha kivuli kamili nyuma yao. Hapo ndipo Baroko inapotofautiana na usanifu uliotangulia. Msanifu wa karne ya 15 alitaka ukuta wake ueleweke kwa mistari, kana kwamba umechorwa. Palma alitaka ueleweke kwa mwanga na giza, na kwa hiyo alisogeza sehemu moja mbele, akairudisha nyingine nyuma, akazikata kingo za juu ili jicho lisipate mahali pa kutulia hadi lifike kwa Bikira Maria katikati. Jua la Sisilia ni kali na jiwe la chokaa ni jeupe. Mahali penye mawingu mengi mpango huohuo ungepoteza nusu ya nguvu zake.

Kabla ya kuingia ndani kuna ukumbi mdogo wa kupokelea, na mlango wake mkubwa umepambwa kwa nguzo zilizopindwa kama kamba, zikiwa zimezungukwa na mizabibu yenye vichala. Wengi huupita kwa haraka. Nashauri msomaji asiupite hivyo, kwa kuwa hatua chache mbele yake ndipo nguzo za Doriki zinapoanza, na tofauti kati ya jiwe lililosokotwa la karne ya 18 na jiwe lililosimama wima la miaka zaidi ya elfu mbili iliyotangulia haionekani kwa ukaribu huo mahali pengine popote katika jengo.

Mbona ndani hakuna mapambo mengi ya Baroko?

Yalikuwapo. Kwa muda mrefu kuta za ndani zilifunikwa kwa lipu na mapambo yaliyolingana na uso wa nje. Katika ukarabati wa miaka ya 1920 sehemu kubwa ya mapambo hayo iliondolewa ili jiwe la hekalu na matao ya karne ya 7 yaonekane tena. Uamuzi huo ulitokana na fikra za wakati wake, kwamba cha kale zaidi ndicho chenye thamani zaidi, na leo wahifadhi wengi wangesita kuuchukua. Nami nasita kuulaumu moja kwa moja, kwa sababu bila huo maelezo yote niliyoyatoa juu ya matao manane yasingeweza kuthibitishwa kwa macho. Lakini kilichobanduliwa hakitarudi.

Baroko ya ndani imesalia katika vikanisa vya pembeni. Kile cha Sakramenti Takatifu, cha katikati ya karne ya 17, kilijengwa kwa usanifu wa Giovanni Vermexio, na dari yake imechorwa na Agostino Scilla. Tabenakulo yake, yaani kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, imesanifiwa na Luigi Vanvitelli, ambaye ndiye aliyejenga jumba la kifalme la Caserta. Vermexio huyohuyo ndiye aliyejenga jumba la manispaa lililo jirani na kanisa, ambalo nalo limekaa juu ya mabaki ya hekalu jingine la Kigiriki, la mtindo wa Ionia. Nguzo za hekalu hilo hazikubaki zikiwa zimesimama.

Birika la ubatizo linazungumziwa sana. Lina nini cha pekee?

Ni chombo kikubwa cha marumaru cha zama za Wagiriki, chenye maandishi ya Kigiriki, kilichowekwa juu ya simba saba wadogo wa shaba nyeusi wa karne ya 13. Kwa maneno mengine, watoto wa Sirakusa wanabatizwa katika chombo kilichotengenezwa na watu ambao hawakuwahi kusikia habari za ubatizo.

Mtakatifu Lusia ana uhusiano gani na kanisa hili?

Lusia alikuwa binti wa Sirakusa aliyeuawa kwa ajili ya imani yake mwaka 304, katika mateso ya Kaisari Diokletiano, na ndiye msimamizi wa mji. Katika kikanisa chake upande wa kulia imehifadhiwa sanamu yake ya fedha, kazi ya mfua fedha Pietro Rizzo ya mwaka 1599. Sanamu hiyo haionyeshwi kila siku. Hutolewa katika sikukuu yake, tarehe 13 Desemba, ikabebwa mabegani na wanaume wengi kwa mwendo wa polepole hadi kanisa lililo nje ya Ortigia, mahali panapoaminika kuwa alizikwa, na kurudishwa siku ya nane. Hutolewa tena Mei, kukumbuka njaa ya mwaka 1646 ambayo, kwa masimulizi ya mji, ilikoma baada ya watu kumwomba na meli yenye nafaka kuingia bandarini. Ndiyo sababu siku ya sikukuu yake Wasisilia hula ngano iliyochemshwa nzima, isiyosagwa, waiitayo cuccìa.

Mwili wake haupo hapo. Masalia yake yako Venezia, ambako yalifika kwa njia ya Konstantinopoli, na yaliletwa Sirakusa kwa ziara mwezi Desemba 2004, yakapokewa na umati mkubwa.

Je, mchoro wa Caravaggio wa maziko ya Lusia umo ndani ya kanisa kuu?

Hapana. Mchoraji huyo wa Kiitaliano aliuchora mwaka 1608, alipokimbilia Sirakusa akitoka kifungoni Malta, na aliuchora kwa ajili ya kanisa la kaburi la mtakatifu, nje ya Ortigia. Kwa miaka kadhaa ulitundikwa katika kanisa la Santa Lucia alla Badia, ambalo liko kwenye uwanja uleule wa kanisa kuu, na kuchanganya kwa watu kunatokana na hapo.

Kuna tofauti gani kati yake na makanisa makuu mengine ya Baroko ya eneo hilo?

Makanisa mengi ya kusini mashariki mwa Sisilia yalijengwa upya kabisa baada ya 1693, na ndiyo sababu miji minane ya Val di Noto, ikiwemo Catania, Noto, Modica na Ragusa, iliorodheshwa pamoja na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2002. Sirakusa haimo katika minane hiyo. Iliorodheshwa mwaka 2005 pamoja na makaburi ya miambani ya Pantalica, kwa kuwa thamani yake inatokana zaidi na mkusanyiko wa zama nyingi kuliko na Baroko pekee.

Ulinganisho wenye mafunzo ni ule wa Noto. Kanisa kuu la Noto ni la Baroko toka msingi hadi kuba, zuri kwa kiwango cha juu, lakini mihimili yake ilikuwa imejazwa ndani kwa mawe madogo ya mtoni na chokaa dhaifu. Tetemeko la tarehe 13 Desemba 1990, ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Lusia, liliidhoofisha; tarehe 13 Machi 1996 kuba na sehemu kubwa ya paa vikaporomoka. Lilijengwa upya kwa mbinu za jadi zilizoboreshwa, likafunguliwa mwaka 2007. Sirakusa, iliyorithi jiwe la Gelon, haikuhitaji kujaza kitu ndani ya mihimili yake.

Mgeni aanzie wapi, na aende saa ngapi?

Aanzie nje, upande wa kaskazini, katika mtaa mwembamba unaoitwa Via Minerva, jina ambalo Warumi walimpa Athena. Huko nguzo zinaonekana zikiwa zimezama nusu ndani ya ukuta, vichwa vyake vikiwa wazi, na juu yake kuna boriti ya jiwe ya hekalu pamoja na vibao vyenye michirizi mitatu, kisha yale meno ya Kinormani. Hatua thelathini tu kutoka hapo, akikata kona, atakutana na uso wa Palma.

Kanisa linatazama magharibi. Asubuhi uso wake umo kivulini na nguzo zake huonekana bapa. Kuanzia alasiri jua hulipiga mbele, vivuli nyuma ya nguzo vikakaza, na kuelekea machweo jiwe jeupe hubadilika kuwa la rangi ya asali. Wakati wa Misa wageni wa matembezi hawatarajiwi kuzungukazunguka ndani, na mabega na magoti yafunikwe.